Mechi Inayofuata Baada ya Kosa

Dakika ya 34 mwamuzi wa akiba alinyanyua kibao, na namba iliyotoka ilikuwa ya kinda wetu wa miaka 17, beki wa kushoto. Hakuiona. Alikuwa anabanana na winga wao wakisubiri mpira wa kurusha, mpaka nahodha alipomshika bega na kumwonyesha mstari. Akatazama kibao, akatazama benchi, akaanza kutoka. Hakukimbia kama tunavyowafundisha. Alitembea, tena polepole, kama mtu anayetamani uwanja uwe mpana zaidi ya ulivyo.

Dakika tisa kabla ya hapo alikuwa amekosea. Kipa alimwanzishia mpira mfupi, straika wao akaja kumbana, naye akataka kuupeleka katikati kwa mguu wa kulia. Pasi ikawa nyepesi. Bao. Huo mguu wa kulia nilimsumbua nao mimi miaka minne kwenye timu ya vijana: tumia kulia, usikimbilie kushoto kila mara. Kwa hiyo hata lile kosa, ukilipekua vizuri, mkono wangu umo.

Siku hiyo nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi, nimealikwa kwa sababu kijana wangu anaanza. Na hakuanza kwa kuwa kuna mtu aliyeamua kwamba wakati wake umefika. Beki mkongwe alichanika nyama za paja Alhamisi, na kikosini hakukuwa na mwingine anayetumia mguu wa kushoto. Kocha mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshinda mechi moja kati ya sita, na kila aliyepita karibu na ofisi yake alikuwa anakadiria tu kibarua kitaota nyasi lini. Jumatatu aliniita.

"Mwalimu, yule dogo wako yukoje?"

"Yuko sawa," nikamjibu. "Ila tumpumzishe kidogo. Bado hajakomaa."

Nilidhani namkinga. Hiyo "kidogo" ikamaliza msimu. Mkongwe alipopona akarudi kwenye namba yake. Dirisha la usajili lilipofunguliwa akaletwa beki mwingine wa miaka 31. Dogo akashushwa timu ya vijana "akapate dakika", baadaye akatolewa kwa mkopo, na baada ya hapo tukawa tunamsikia kwa watu. Mechi ya ligi ya kikosi cha kwanza hakuanza tena kwetu. Dakika 34, basi.

Nimefundisha vijana muda mrefu sasa, na ukiniuliza kipaji kinapotelea wapi, sitakuonyesha mtaani wala kwenye akademi. Nitakuonyesha ile wiki moja kati ya kosa la kwanza na mechi inayofuata.

Ukihudhuria uzinduzi wowote wa kituo cha kulea wachezaji, utasikia samaki mkunje angali mbichi. Methali nzuri, sina ugomvi nayo. Ila sijawahi kumsikia mzungumzaji akieleza huyo samaki akishakunjika anapelekwa wapi. Tunajenga viwanja, tunasomesha makocha wakapata leseni, tunawafunga vijana vifaa mgongoni vya kuhesabu mbio zao, na mwisho wa safari yote hiyo kuna mlango mmoja ambao kitasa chake kiko upande wa ndani.

Mfano ninaoupenda ni wa Chelsea, kwa sababu hakuna anayeweza kusingizia umaskini. Kuanzia 2014 mpaka 2018 walibeba Kombe la FA la vijana miaka mitano mfululizo. Katikati ya hapo, 2015 na 2016, wakachukua na ubingwa wa vijana wa Ulaya. Huwezi kuwa na ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba shamba linazaa. Lakini wengi wa vijana wale waliishi kwa mkopo, leo klabu hii, mwakani ile. Mlango ulifunguliwa mwaka 2019, na aliyeufungua si mtu wa maono. FIFA iliwafungia Chelsea kusajili, na kosa lenyewe, ajabu ya mambo, lilihusu kanuni za kusajili watoto wa chini ya miaka 18. Eden Hazard ameuzwa Real Madrid, soko limefungwa, Frank Lampard amekabidhiwa timu. Ndipo Mason Mount, Tammy Abraham, Reece James na Fikayo Tomori wakapata namba. Wakamaliza nafasi ya nne. Mei 2021, usiku Chelsea wanaifunga Manchester City 1-0 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mount ndiye aliyempenyezea Kai Havertz pasi ya bao, na James alikuwa upande wa kulia akihangaika na mawinga wa City.

Vipaji vilikuwepo miaka yote hiyo. Kilichokuwa kimekosekana ni shida.

Na ndivyo ilivyo karibu kila mahali. Marcus Rashford alianza mechi yake ya kwanza Manchester United, Februari 25, 2016, kwa sababu Anthony Martial aliumia wakati wa kupasha misuli. Akafunga mawili dhidi ya Midtjylland. Jumapili yake akaanzishwa dhidi ya Arsenal, akafunga mengine mawili. Hadithi tamu, na kila akademi inaisimulia. Mimi huwa sipendi kuwasimulia vijana wangu, maana inawafundisha kwamba nafasi ni bahati nasibu, na aliyeingia lazima afunge. Kumrudisha uwanjani mtu aliyefunga mabao mawili hakuhitaji moyo wa kocha. Hata shabiki wa jukwaani angefanya hivyo.

Kijana ninayewasimulia ni Gareth Bale, na siwasimulii yule Bale wa Madrid. Alilelewa Southampton, akaanza kucheza kikosi cha kwanza akiwa na miaka 16, na mwaka 2007 akaenda Tottenham akiwa beki wa kushoto. Kilichofuata ni kitu ambacho kingemmaliza mtu mzima: mechi 24 za ligi alizogusa uwanja bila Tottenham kushinda hata moja. Ishirini na nne! Ndani yake mlikuwa na majeraha, mlikuwa na kusugua benchi kwa muda mrefu, sitaki kuipamba ionekane kama kila mtu pale alimwamini. Lakini hawakumfuta. Septemba 2009 kocha wao Harry Redknapp alimwingiza dakika za lala salama dhidi ya Burnley, ushindi ukiwa mkononi, mechi ikaisha 5-0 na nuksi ikakatika. Unaweza kucheka kwamba aliingizwa kama mtu anayesafishwa mkosi. Mimi naona kocha aliyechagua mechi ambayo kijana hawezi kuiharibu, akampa akailambe kidogo ladha ya kushinda. Hiyo ni kazi ya ufundi kama ilivyo kupanga mfumo.

Nikifika hapo vijana huuliza: mwalimu, mechi 24 mtu anavumiliwaje? Nami huwa sina jibu fupi.

Jibu refu linaanzia Agosti 19, 1995. Manchester United wamefungwa 3-1 na Aston Villa, na jioni ile mchambuzi Alan Hansen akatamka kwenye televisheni kwamba huwezi kushinda chochote kwa kutumia watoto. Msimu ukaisha United wakiwa na ubingwa wa ligi na Kombe la FA, na tangu siku hiyo kauli ya Hansen imekuwa ngoma ya kila anayetetea soka la vijana. Tunaipiga mno bila kuisikiliza. Hao "watoto" wa United, Beckham, Scholes, Butt na Gary Neville, walikuwa na miaka 20 kila mmoja, si watoto wa shule. Phil Neville pekee ndiye aliyekuwa na 18. Beckham mwenyewe alikuwa ametoka kuonja soka la wanaume kwa mkopo kule Preston. Nyuma yao kulikuwa na wakongwe Schmeichel, Bruce, Pallister na Irwin. Pembeni yao Roy Keane. Oktoba akarudi Eric Cantona aliyekuwa amefungiwa, na akaanza kufunga yale mabao ya 1-0 yanayoleta makombe. Kijana akipoteza mpira kwenye timu ile, kulikuwa na watu wanne wa kuufukuzia na mmoja wa kumfokea, na kufokewa na Keane si adhabu, ni malezi.

Lakini kinachonivutia zaidi ni kitu kisichosimuliwa. Siku nne baada ya kichapo cha Villa, kocha wa United, Alex Ferguson, aliwarudisha vijana wake uwanjani dhidi ya West Ham. Wakashinda 2-1, Scholes akifunga moja. Kipindi kile cha kiangazi wakubwa kama Ince, Hughes na Kanchelskis walikuwa wameondoka, magazeti yanadai asajili, taifa zima limesikia kwamba watoto hawafai, na yeye akawapanga tena. Hiyo mechi ya West Ham ndiyo ninayoihesabu kuwa mwanzo wa kizazi kile.

Aliweza kwa sababu alikuwa na mtaji. Alikuwa ameshachukua ligi 1993 na 1994. Kiti chake kilikuwa na miguu minne. Mpe Ferguson huyo huyo mkataba wa miezi sita na ushindi mmoja kwenye mechi sita, sijui angefanya nini, na nakiri kwamba hapo ndipo hasira yangu dhidi ya yule kocha wetu mkuu ilipoanza kupoa. Viongozi wa klabu wanapenda kumwambia kocha "tumia vijana" siku ya utambulisho, akiwa ameshika jezi mpya mbele ya kamera. Kwenye mkataba, kipengele cha kufukuzwa kinahesabu pointi. Hakuna nilikowahi kuona kipengele kinachohesabu dakika za makinda. Kocha anasoma mkataba wake kama sisi tunavyosoma yetu.

Ajax ya Uholanzi ya 1995 nayo ni hivyo hivyo ukiwatazama kwa utulivu. Mei 24, Vienna, Patrick Kluivert wa miaka 18 anatokea benchi na kuifunga AC Milan dakika ya 85. Picha yake ndiyo iliyobaki. Aliyempa mpira ule ni Frank Rijkaard, miaka 32, mtu aliyewahi kubeba kombe hilo hilo akiwa na Milan yenyewe. Nahodha alikuwa Danny Blind, miaka 33. Kocha wao Van Gaal hakupeleka kundi la watoto Vienna. Alipeleka watoto na wajomba zao.

Kuna timu moja tu ninayoijua iliyovunja kanuni hii mbele ya macho ya bara zima, nayo ni ASEC Mimosas ya Abidjan. Walikuwa mabingwa wa Afrika wa 1998, na wachezaji wengi walioleta ubingwa ule wakaondoka. Februari 1999 wakalazimika kucheza Super Cup ya CAF na Espérance ya Tunis. Jean-Marc Guillou, Mfaransa aliyekuwa akiendesha akademi yao, akapanga watoto wake: Kolo Touré, Didier Zokora, Aruna Dindane na wenzao, wengi bado hawajafika 20. Wakashinda 3-1 baada ya dakika za nyongeza. Hawakuwa na wajomba uwanjani. Walichokuwa nacho ni kingine: walikuwa wameishi, wamesoma na kufanya mazoezi pamoja kwa miaka, wengine wakiwa wamejifunza kutuliza mpira peku, maana kwa Guillou kiatu kilikuja baada ya mguu kujua kazi yake. Kosa la mmoja, mwenzake alishalizoea tangu ana miaka 13. Kwa hiyo nikisema kinda anahitaji wakubwa pembeni, nasema kwa jumla. Anachohitaji hasa ni watu wanaojua atakosea wapi.

Ndiyo sababu kumpandisha mmoja mmoja, peke yake, kwenye kikosi cha wageni tupu, kunaua wengi. Yule beki wangu alipanda peke yake. Winga wa mbele yake alikuwa amesajiliwa wiki tatu kabla na nadhani hakulijua hata jina lake. Kwetu vijana, winga wake alikuwa na tabia ya kurudi bila kuitwa kila dogo alipobanwa. Siku ile hakurudi mtu.

Halafu kuna suala la namba anayocheza. Tunasema "kijana apewe nafasi" kana kwamba nafasi zote ni sawa. Winga akipoteza mpira mara tano na mara ya sita akapita, jukwaa linaimba jina lake. Beki akiwa safi mara arobaini na moja ikamponyoka, imekwisha. Kipa ndiyo usiseme. Gianluigi Donnarumma aliwekwa golini na Milan Oktoba 25, 2015, miaka 16 na miezi minane, dhidi ya Sassuolo. Akafungwa bao moja, Milan wakashinda 2-1. Mechi iliyofuata yumo, na iliyofuata yumo, Diego López aliyewahi kuwa golini Real Madrid amekaa benchi. Kila mtu humsifu kocha wa Milan wa wakati ule, Siniša Mihajlović, kwa ujasiri wa siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni tukio, hata kocha mwoga anaweza kuwa na siku moja ya ujasiri. Kumwacha mtoto golini Novemba na Desemba, hapo ndipo penye kazi.

Kuhusu kuwatafuta vijana wenyewe sitaki kurefusha, maana hapo tunajua mengi na tunafanya machache. Chukua orodha ya akademi yoyote kubwa uitazame kwa miezi ya kuzaliwa: waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wa usajili wamejaa, wa miezi ya mwisho ni wa kuhesabu. Kipaji hakisomi kalenda. Ni kwamba kwenye umri wa miaka 12, miezi kumi ni sentimita kadhaa za kimo, na sisi makocha tunapenda kushinda Jumamosi. Wabelgiji walifikia kuunda timu za taifa maalumu kwa vijana wanaochelewa kukua mwili, ili wasipotee wakingoja mifupa. Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16 kwa kuwa mdogo wa umbo. Antoine Griezmann alizungushwa na klabu za Ufaransa kwa sababu hiyo hiyo mpaka Real Sociedad wakamchukua. Harry Kane aliachwa na Arsenal akiwa mtoto kabisa, kisha Tottenham wakamzungusha kwa mkopo Leyton Orient, Millwall, Norwich na Leicester kabla ya kumwona. (Upande wa pili wa shilingi kuna wale wanaokuja na ndevu na cheti cha miaka 15. FIFA ilianza kupiga picha mifupa ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 mwaka 2009. Sisi wa ngazi za chini tunatumia macho, na macho yanadanganyika yanapotaka ushindi.)

Kanuni zinasaidia, ila kwa kiasi. UEFA inataka klabu inayowasilisha majina 25 iwe na 8 waliolelewa ndani ya nchi, na 4 kati yao wawe wamelelewa na klabu yenyewe. Zipo klabu tajiri zinazoona bora kupeleka majina 22 kuliko kujaza nafasi zile na vijana wao. Wachezaji watano wa akiba kwa mechi, tuliopewa mwaka 2020 wakati wa korona na kufanywa kanuni ya kudumu 2022, walipaswa kuwa neema kwa makinda. Nimekaa nikawatazama wanavyotumika. Watatu wa kwanza ni watu wazima kwa watu wazima. Wa nne ni wa kupoteza muda. Wa tano, dakika ya 88, ndiye kinda, na kesho yake klabu inaweka picha yake mtandaoni: "Tunaamini vijana." Dakika mbili na nyongeza, hajagusa mpira.

Hela nayo ina mkono wake. Kanuni za FIFA zinatenga 5% ya ada mchezaji anapouzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, igawiwe klabu zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23, na tangu Novemba 2022 kuna chombo maalumu cha kuzipitisha fedha hizo ili zisipotelee njiani. Kwa klabu ndogo hiyo inaweza kuwa pumzi ya miaka. Génération Foot ya Senegal imejenga maisha yake juu ya kulea na kupeleka Metz, na orodha yao ina Sadio Mané na Pape Matar Sarr. Siwalaumu. Lakini klabu ikishaonja hela ya kuuza huanza kumtazama kinda kama bidhaa ya dirishani: dakika zake ni za kumwonyesha mnunuzi, na bidhaa ikipata mkwaruzo inarudishwa stoo. Kosa moja, stoo.

Nawahusudu Athletic Bilbao kwa jambo moja tu. Wanachezesha Wabaski, au waliokulia kwenye soka la Wabaski, na tangu ligi ya Hispania ianze 1929 hawajawahi kushuka daraja. Mwaka 2024 walichukua Kombe la Mfalme kwa mara ya kwanza tangu 1984. Watu huiongelea kama siasa ya utambulisho, na ni kweli, ila mimi kama kocha naona kitu kingine: beki wao wa miaka 19 akiboronga Jumapili, Jumatatu hakuna orodha ndefu ya mawakala ya kupigia simu. Wanarudi naye mazoezini. Umaskini wa machaguo umewafanya wawe wavumilivu.

Mtu atasema basi wachezeshwe kila siku. Hapana. Pedri, msimu wa 2020-21, alikuwa kinda wa miaka 18 aliyecheza zaidi ya mechi 70 ukijumlisha Barcelona, timu ya taifa, Euro na Olimpiki. Baada ya hapo paja lake likawa habari ya kila mwezi. Ansu Fati alipewa jezi namba 10 ya Messi baada ya goti lililokuwa limemweka nje kwa miezi mingi, na sijui ni nani aliyefikiri goti hupona kwa kubebeshwa mzigo. Kuna kumnyima kijana na kuna kumkamua, na mara nyingi anayefanya yote mawili ni mtu yule yule: anamnyima asipomhitaji, anamkamua akimhitaji.

Miaka minane baada ya ile dakika ya 34 nilikutana na beki wangu. Alikuja uwanjani kumleta mpwa wake majaribio. Mwili umeongezeka, kicheko ni kile kile. "Shikamoo mwalimu." Tukakaa kwenye ngazi za jukwaa, tukaongea habari za watu, mpaka mwenyewe akaligusa.

"Unajua mwalimu, siku ile ya kutolewa sikulia. Nilijua nimekosea. Nililia Jumamosi iliyofuata, karatasi ya kikosi ilipobandikwa nikasoma juu mpaka chini, kisha nikarudia kuanzia chini kwenda juu."

Sikumwambia ni nani aliyesema apumzishwe. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, mpwa wake alikuwa bado anapasha. Nikauliza habari za mama yake.

Tangu hapo nina daftari. Lina safu tatu: jina, kosa, mechi iliyofuata. Kosa ni lile lililozaa bao tu, sihangaiki na mengine. Safu ya tatu ina neno moja kati ya mawili, alianza au hakuanza. Nalijaza kwa timu yangu ya vijana na, kimyakimya, kwa wale waliopanda. Daftari hilo limenifundisha kwamba mimi pia nina upendeleo: mawinga wangu wanarudi, mabeki wangu "wanapumzika". Kurasa za mwanzo zinanitia aibu. Kocha mkuu wa sasa aliliona mezani akadhani ni la madeni, na kwa namna fulani hakukosea.

Msimu uliopita tulimpandisha kiungo mkabaji wa miaka 18, safari hii na beki wa kati aliyecheza naye tangu wako chini ya miaka 14, wote wawili kwa pamoja. Mechi ya tatu akaupoteza mpira akiwa ameupa mgongo uwanja, tukafungwa, tukalala 1-0. Jumatatu simu ikaita.

"Mwalimu, kiungo wako yukoje?"

Nilikuwa na majibu yote mdomoni, yale ya zamani yakiwa ya mbele.

"Aanze," nikasema.

"Una uhakika?"

"Sina. Aanze."

Jumamosi nilikaa mwisho wa benchi, pale pale. Dakika ya 12 akaupokea mpira akiwa ameupa mgongo uwanja tena, akabanwa, akaupoteza tena. Yule beki mwenzake alishaanza kukimbia kabla haujapotea, akautoa nje kwa kuteleza. Jukwaa likazomea. Kocha mkuu akageuka kutazama benchi, taratibu, macho yakapita juu yetu mmoja mmoja, nami nikainama kama naifunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba.

"Nipeni maji," akasema, na kugeukia uwanjani.